Folcoche na Wenzake: Juu ya Mama Wabaya katika Vitabu

Katika maktaba ya seminari moja tunayoijua, kitabu kimoja kiliondolewa rafuni. Hakikuibwa. Padri mzee, mtu wa sala na wa heshima, alikitoa kwa mkono wake mwenyewe na kukifungia kabatini. Alisema kwamba kitabu kinachomtukana mama hakifai kusomwa na kijana anayejitayarisha kusimama altareni. Jina lake ni Vipère au poing, cha Hervé Bazin, kilichotoka mwaka 1948. Waseminari wakafanya kama waseminari wa siku zote: wakatafuta kitabu kingine cha namna ile mjini, wakakisoma usiku, kurasa zikapita kitanda kwa kitanda. Basi tumeona ni afadhali kusema mchana yale yanayosomwa usiku.

Tulipowauliza vijana maoni yao, wengi hawakumlaumu yule mzee wala kumtetea. Walijibu neno lingine: «Padri, hizi ni habari za Wazungu. Kwetu Afrika mama hawezi kufanya hivi. Mama ni mama.» Twakiri kwamba jibu hili lilitusumbua kuliko kabati lenye ufunguo. Mzee aliogopa kitabu kwa sababu alikiamini. Vijana hawakukiogopa kwa sababu walidhani hakiwahusu.

Kwanza tuwaeleze wale wasiokisoma. Anayesimulia ni Jean Rezeau, ambaye nyumbani anaitwa Brasse-Bouillon. Wazazi wake walikuwa Uchina, baba akifundisha kule. Yeye na mkubwa wake Ferdinand walilelewa na nkambo wao, mama wa baba, mwanamke mpole. Nkambo akafa. Wazazi wakarudi katika nyumba yao kubwa, La Belle Angerie, katika jimbo la Anjou, pamoja na mtoto wa tatu, Marcel. Penye stasyo ya gari moshi watoto wawili wakamkimbilia mama yao ili wamkumbatie, naye akawasukuma kwa makofi. Tangu siku ile nyumba inageuka kuwa gereza. Moto unaondolewa katika vyumba vya watoto, mito ya kulalia inachukuliwa, viatu vinabadilishwa kwa viatu vya mti, mkono unaokaa vibaya mezani unachomwa kwa uma. Watoto wakamtungia mama yao jina, Folcoche, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kifaransa, la kichaa na la nguruwe jike. Wakachora herufi za kisasi chao katika magome ya miti. Mwishowe wanajaribu kumtilia sumu, tena wanajaribu kumzamisha mtoni. Yeye naye anaficha kifuko chake cha feza katika chumba cha Jean, apate kumshitaki kuwa mwizi na kumpeleka kwenye nyumba ya watoto waovu. Jean anaugundua mtego, na kwa mtego ule ule anamlazimisha mama amwache aende kusoma mbali.

Kitabu hiki kimeandikwa vizuri sana, na hatuna haja ya kukificha. Bazin anajua jicho la mtoto. Kuna mahali ambapo Jean, akiwa mezani, anamkazia mama yake macho bila kupepesa, na ndani ya moyo anamwambia yote asiyoweza kusema kwa mdomo; mama naye anamrudishia jicho, na sahani zinapita katikati yao kama kwamba hakuna jambo. Kila mtu aliyekaa na watoto walioumizwa anajua jicho lile. Tumelikuta katika madarasa ya katekismu, kwa mtoto wa miaka tisa aliyeketi nyuma kabisa, karibu na mlango.

Lakini twaona pia udhaifu wa kitabu, na ni udhaifu mkubwa. Folcoche hana ndani. Tunaona mikono yake, sauti yake, kidevu chake. Roho yake hatuioni. Bazin anagusa kidogo tu habari ya ujana wake: binti wa watu matajiri, aliyewekwa katika nyumba za masista mpaka siku ya ndoa, wazazi wake wakiwa na kazi nyingine. Anagusa, kisha anaondoka upesi, kwa sababu Jean hataki kuelewa. Jean anataka kuchukia, na kuchukia kunampendeza. Mwanzoni kabisa mwa kitabu yeye, akiwa mtoto mdogo, anakamata nyoka wa sumu aliyelala na kumkaba kwa mkono mmoja mpaka nyoka anakufa, huku akimtazama machoni. Mwishoni anatwambia kwamba bado anatembea na nyoka yule mkononi. Anajisifu kwa neno hili. Anatambua kwamba amefanana na mama yake kwa uso, kwa akili, kwa ukaidi, na anafurahi. Hapo kitabu kinasema kweli kubwa kuliko msimulizi wake. Mwenye kuchukia kwa muda mrefu hubaki na sura ya yule anayemchukia. Bazin mwenyewe alirudi mara mbili kwa habari hizi, mwaka 1950 kwa La Mort du petit cheval, na mwaka 1972 kwa Cri de la chouette. Ilimchukua karibu miaka 25, na hatuna hakika kama nyoka alitoka mkononi.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuuma sisi hasa, tulio wa Eklezya. La Belle Angerie ni nyumba ya wakristu. Ina kanisa dogo, ina sala za asubuhi na za jioni, ina mjomba mkubwa mwenye sifa ya kuandika vitabu vitakatifu. Wasomaji wetu wanajua kwamba Hervé Bazin alikuwa wa ukoo wa René Bazin, yule aliyeandika mwaka 1921 maisha ya Charles de Foucauld. Kitabu kile kimo katika maktaba zetu nyingi, na hakuna aliyekifungia kabatini. Vitabu viwili vya ukoo mmoja: kimoja kinaonyesha mtu aliyeacha yote kwa ajili ya Yesu, kingine kinaonyesha sala iliyobaki midomoni. Katika nyumba ya Folcoche watoto wanalazimishwa kila jioni kutaja makosa yao mbele ya watu wote. Mama anasikiliza, lakini si kwa kusamehe. Anakusanya habari kama polisi. Namna ya kitubio imechukuliwa na kufanywa silaha ya nyumbani. Tumesoma ukurasa ule tukaweka kitabu chini kwa muda.

Na katika nyumba ile mapadri walikuwamo. Watu wengi husoma kitabu wasione neno hili, kwa sababu Folcoche anachukua macho yote. Watoto hawakupelekwa shule; walifundishwa nyumbani na padri mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. Wa kwanza, Père Trubel, alikwisha kufanya kazi ya misioni katika Afrika. Watoto waliacha kuwaita kwa majina, wakawapa namba, na hesabu ikafika saba. Mapadri saba! Walikula meza moja na watoto wale. Waliona mikono yenye alama za uma. Walijua ni vyumba gani visivyo na moto. Wengine walikuwa wakali, wengine wazembe, wengine labda walikuwa na huruma; lakini hakuna mmoja aliyewaokoa. Walikuwa wageni wa nyumba, walilipwa na nyumba, na mwenye kulipa alikuwa bibi mwenye kwenda Misa. Bazin hawahukumu kwa maneno mengi. Anawacheka kidogo, anawapa namba, wanatoka kwa mlango. Twadhani kwamba mzee wetu, alipokifungia kitabu, alifikiri juu ya heshima ya mama. Sisi tungalikifungia, ingalikuwa kwa aibu ya wale saba.

Nani kati yetu hajakula katika nyumba ambamo mtoto mmoja haketi pamoja na wengine? Anachota maji, anaosha sahani, anapita na macho chini. Mwenye nyumba ni mtu wa Legio ya Maria, ametoa kuku, ametoa bia. Sisi twabariki meza na kwenda zetu. Mara moja, katika parokia moja, tuliuliza juu ya msichana wa namna hiyo, tukajibiwa: «Huyu? Ana kichwa kigumu.» Tukanyamaza. Twakiri kosa hili hapa kwa sababu tumewataja wenzetu saba, na si haki kuwataja peke yao.

Kabla ya Bazin alikuwako Jules Renard, na kitabu chake Poil de Carotte cha mwaka 1894. Hiki ni kitabu cha vipande vifupi vifupi, karibu vya kuchekesha, na wengi huwapa watoto wakisome. Mtoto wa mwisho wa nyumba ya Lepic ana nywele nyekundu, naye haitwi jina lake la ubatizo, François; anaitwa kwa rangi ya nywele. Usiku ule wa kwanza wamesahau kufunga banda la kuku. Kaka hataki kwenda, dada hataki kwenda, basi Poil de Carotte anatumwa, gizani, naye anatetemeka. Anarudi akifikiri atasifiwa. Mama anamwambia kwamba tangu leo itakuwa kazi yake kila usiku. Hakuna fimbo, hakuna damu. Twaona Renard ni mkali kuliko Bazin kwa sababu hasemi kwa nguvu. Madame Lepic hafanyi maajabu ya uovu. Amechagua tu mtoto mmoja kati ya watatu awe mahali pa kutupia taka za moyo wake. Na mtoto anajifunza. Anakuwa mwongo, anakuwa mkatili kwa wanyama, na Renard hamfichi. Karibu na mwisho mtoto anapata nguvu ya kumwambia baba yake kwamba hampendi mama. Baba anamjibu kwa kumwuliza kama yeye, baba, anadhaniwa kumpenda. Mtoto anapoa kidogo, kwa sababu si peke yake. Lakini angalieni: baba alijua tangu mwanzo! Alijua, akaenda kuwinda.

Neno la baba lazima tulikazie, maana limo katika vitabu vyote hivi. Monsieur Rezeau ana mkusanyo wa nzi, anawachunguza kwa kioo wakati watoto wake wanapigwa. Monsieur Lepic ana bunduki yake na ukimya wake. Katika Le Sagouin, tutakachokitaja sasa, baba ni mtu dhaifu wa akili ambaye kazi yake ni kutunza makaburi. Watu husema ni vitabu vya mama wabaya. Ni kweli nusu. Pale ambapo mama amekuwa mfalme mkali, tutafute kiti kisicho na mtu pembeni yake.

François Mauriac, mkristu, mwenye zawadi ya Nobel ya mwaka 1952, aliona mbali kuliko wale wawili. Katika Genitrix, cha mwaka 1923, Félicité Cazenave hampigi mwanawe. Anampenda. Anampenda Fernand mpaka Fernand anafika miaka hamsini bila kuwa mtu. Fernand ameoa, na bibi yake Mathilde amepoteza mimba, analala na homa upande wa pili wa nyumba. Mama anamwacha kule peke yake usiku kucha, naye anakufa. Kisha jambo la ajabu: Fernand anaanza kumpenda marehemu, na mama anashindwa na mtu aliyekufa. Waseminari kadhaa walituambia kwamba hawaoni ubaya wa Félicité, kwa sababu «anamjali mwanawe». Hatukucheka. Ubaya huu ni mgumu kuuona kwetu. Mtakatifu Augustino aliuona, tena katika mama mtakatifu. Katika kitabu cha tano cha Maungamo anasimulia namna alivyomdanganya Monika usiku, akapanda merikebu kwenda Roma, akamwacha akisali katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani. Naye asema waziwazi kwamba katika mapendo ya mama yake mlikuwa bado na sehemu ya mwili, sehemu inayotaka kushika. Miaka michache baadaye, huko Ostia, mwaka 387, Monika yule yule akiwa karibu na kufa anawaambia wanawe wauzike mwili wake popote. Kati ya usiku ule wa merikebu na neno lile la Ostia kuna njia yote ya umama, na Félicité hakutembea hata hatua moja.

(Tuongeze, bila kumtaja mtu: mama wa padri anayehamia katika nyumba ya parokia, akashika funguo za gala, akawafukuza wapishi watatu kwa mwaka mmoja, huyu naye ni wa ukoo wa Cazenave. Twampenda, twamheshimu, lakini funguo arudishe.)

Kitabu kilicho bora kati ya vyote, kwa maoni yetu, ni Le Sagouin, cha mwaka 1951. Ni kifupi, mtu hukimaliza kwa alasiri moja. Paule aliolewa na Galéas de Cernès apate jina la ubaroni. Alipata jina, akapata pia mume asiyeweza kumtazama. Mtoto wao Guillaume anafanana na baba. Kila anapomwona mtoto, Paule anaona kosa lake mwenyewe likitembea na kamasi puani. Ndiyo sababu anamwita sagouin, yaani nyani mdogo mchafu. Mauriac hatuombi tumsamehe mama huyu, lakini anatupeleka ndani, mahali ambapo Bazin alikataa kwenda, na tunatetemeka kwa sababu njia inapitika. Ni nani asiyeweza kumchukia mtu anayemkumbusha kosa lake?

Kisha mtoto anapelekwa jioni moja kwa mwalimu wa kijiji, Bordas, mtu wa siasa ya kushoto. Anaambiwa asome kwa sauti katika kitabu cha Jules Verne. Na mtoto yule anayedhaniwa mjinga anasoma vizuri, na sauti yake inabadilika. Kwa saa moja yeye ni mtu. Twasema bila haya kwamba katika vitabu vya Mauriac hatujui saa nzuri kuliko hii. Lakini mwalimu hataki kuwa na urafiki na nyumba ya mabwana, anakataa kuendelea. Mama anampasha mtoto habari. Baada ya hapo baba na mtoto wanaenda pamoja kwenye maji, karibu na kinu, na hawarudi. Mauriac hasemi wazi kama mmoja alimvuta mwingine, au kama mtoto alitaka kumzuia. Mwalimu anabaki na maisha yake yote ya kufikiri. Basi mtoto yule hakuuawa na mama peke yake. Kila mtu mzima wa kitabu alimpokea kwa muda, akamsukuma kwa mwenzake.

Turudi kwa neno la vijana wetu: «Kwetu mama hawezi.» Tunajua neno hili linatoka wapi. Linatoka katika shukrani ya kweli, na vitabu vyetu vya kwanza vililiimba. Camara Laye, katika L'Enfant noir cha mwaka 1953, alimwekea mama yake kurasa za mbele kabisa, na mwishoni tunamwona mama huyo akikataa kwa machozi na hasira mwanawe asiende Ufaransa. Ni kitabu kizuri, na mama wa Kouroussa ni mtu kamili, mkali anapotakiwa. Lakini wengi walioandika nyuma yake walichukua machozi tu, wakaacha mtu. Mama akawa sanamu ya sebuleni: mama Afrika, mama ardhi, mama mateso. Sanamu haiwezi kutenda dhambi, lakini haiwezi kutubu pia.

Wazungu walifanya hila ya namna hii kwa njia nyingine. Ndugu wawili Grimm walipotoa hadithi zao mara ya kwanza, mwaka 1812, mwanamke aliyetaka kumwua Schneewittchen alikuwa mama yake wa kuzaa, na mama aliyewapeleka Hänsel na Gretel mwituni alikuwa mama yao kweli. Katika chapa ya 1819 mama wa hadithi ya kwanza aligeuzwa kuwa mama wa kambo, na katika chapa ya 1840 wa hadithi ya pili vilevile. Walisafisha mama kwa kumchafua mwingine. Hadithi zetu za jioni nazo zinajua kazi hii: mtoto yatima, mama wa kambo, maji ya mbali, chakula kilichofichwa. Tumezisikia tangu utoto na tumezipenda. Lakini zinafundisha pia kwamba uovu una makao yake, na makao yake ni mwanamke aliyekuja nyuma. Tumejua mama wa kambo waliouza nguo zao ili kulipa masomo ya mtoto wasiyemzaa. Hadithi yao hatujaisikia karibu na moto.

Na leo hadithi za mwituni zimehamia mjini. Tangu miaka ya 1990, katika Kinshasa, katika Mbuji-Mayi na miji mingine ya nchi yetu, watoto wanashitakiwa uchawi na jamaa zao wenyewe. Baba amepoteza kazi, mtoto mchanga amekufa, biashara imeanguka. Anatafutwa mwenye kosa, naye hupatikana kuwa mdogo kuliko wote, mara nyingi yatima, mara nyingi mwenye kukojoa kitandani au mwenye kusema peke yake. Anapelekwa kwenye chumba cha maombi, anafungiwa, ananyimwa chakula. Katiba ya mwaka 2006, katika sharti la 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inamwadhibu anayefanya hivyo. Sheria ipo. Lakini Poil de Carotte naye, tuseme kweli, ni nani kama si mtoto aliyechaguliwa? Nywele nyekundu kule, ndoto za usiku huku. Anayesema kwamba vitabu hivi ni vya Wazungu, atembee saa nne za usiku karibu na soko kuu la mji wake, ahesabu watoto waliolala chini ya meza, na kuwauliza ni nani aliyewafukuza. Wengine watataja baba, wengine shangazi. Wengine watataja mama.

Hapo ndipo mahubiri yetu yanaingia. Kila mwaka, mwezi wa Maria, tunasifu mama, na ni haki. Amri ya nne tunaifundisha kwa nguvu: heshimu baba na mama. Lakini Mtume Paulo, alipokwisha kuwaambia watoto watii, katika barua kwa Waefeso sura ya 6 na kwa Wakolosai sura ya 3, aliwageukia wazazi mara moja na kuwakataza kuwachokoza watoto wao mpaka wakate tamaa. Katekismu ya Eklezya ya mwaka 1992 inafuata njia ile ile: baada ya wajibu wa watoto, namba ya 2221 na zinazofuata zinaeleza wajibu wa wazazi. Sisi twahubiri ukurasa wa kwanza, kengele inalia, ukurasa wa pili unabaki. Mtoto mwenye mama mbaya anasikia nini? Anasikia kwamba mama wote ni wema. Basi kama mama yake anamchukia, mbaya ni yeye mtoto. Alikwisha kulidhani, sasa padri amelithibitisha.

Isaya hakuhubiri hivyo. Katika sura ya 49 nabii anauliza kama mwanamke aweza kumsahau mtoto anyonyaye, na hajibu kwamba haiwezekani. Anakubali kwamba inawezekana, na juu ya jambo hilo la kutisha anaweka ahadi ya Mungu ambaye hasahau. Waseminari wanaojifunza Kiebrania waangalie neno lililo mle: lina shina moja na tumbo la uzazi. Shina hilo hilo limo katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 3, mbele ya Solomono, pale rehema za yule mwanamke zilipowaka kwa mtoto wake. Wanawake wawili, mtoto mmoja, upanga. Kila mmoja asema: ni wangu. Solomono hakuuliza wakunga, hakutafuta alama ya mwili. Alitaka kujua ni nani atakayekubali kumkosa mtoto ili mtoto aishi. Folcoche angesema: akatwe. Félicité Cazenave naye, pamoja na machozi yake yote, angesema: akatwe, lakini nusu yangu nipewe.

Hatusemi haya ili kumwongezea mzigo mwanamke anayeamka saa kumi ya usiku, kwenda sokoni na kibeseni cha mihogo, akarudi usiku bila franga za kutosha na kumpiga mtoto kofi kwa kuchoka. Huyu si Folcoche, na padri anayemkemea bila kumwuliza mume wake yuko wapi hajasoma vitabu hivi vizuri. Tofauti inaonekana siku ya pili asubuhi. Yule aliyechoka anamtazama mtoto na kuona haya. Madame Lepic analala vizuri.

Juu ya kitabu cha kabatini, tulikwenda kwa mzee wetu tukazungumza naye alasiri nzima. Hakukubali kila neno. Alipofika kwenye habari ya mapadri saba alinyamaza, kisha akasema kwamba yeye alifikiri walikuwa watano tu. Hivi tukajua kwamba alikuwa amekisoma mpaka mwisho, na kwa uangalifu kuliko vijana. Tulipatana hivi: Vipère au poing kirudi rafuni kwa wanafunzi wa filosofia na teolojia, na pembeni yake kiwekwe Le Sagouin, mtu asichukue kimoja bila kingine. Poil de Carotte kiende hata seminari ndogo. Genitrix apewe yule atakayekiomba. Kitabu kilirudi siku ya Jumatatu. Kufika Jumapili kadi yake ilikuwa na majina manne, na jina la kwanza lilikuwa la mkurugenzi wa nidhamu.